Kwani Siwezi Kuipeleka kwa Mkono?

Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024 nilifungua duka saa moja na nusu asubuhi, na kabla sijamaliza kufagia mbele ya mlango alikuwa amekwisha kufika kijana mmoja aliyeshika bahasha ya kaki iliyovimba kwa vyeti. Duka langu ni steshenari ya kawaida hapa Morogoro mjini. Tunatoa kopi, tunachapa, tunaskani, tunalamineti, tunauza kalamu na madaftari, lakini kwa miaka kama kumi sasa kinachotulisha hasa ni kuwajazia watu maombi ya mtandaoni: ya kazi, ya vyuo, ya mikopo ya wanafunzi, ya uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa. Kijana yule alikuwa anaomba kazi, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa usiku wa siku ileile. Niliwasha kompyuta, ukurasa ukaanza kufunguka kwa juu, ikaonekana nusu ya nembo, kisha ukaganda. Tukahamia laini ya kampuni ya pili, halafu ya tatu niliyoiazima kwa jirani yangu muuza dawa. Nembo ikabaki nusu. Ilipofika saa tano kijana alikwisha kulivua koti alilolivaa kwa ajili ya picha ya pasipoti, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mzee, kwani siwezi kuipeleka kwa mkono?"

Nilitaka kucheka, halafu nikalisoma tena tangazo lake na kicheko kikaisha. Lilikuwa na anwani ya tovuti peke yake. Halikutaja jengo, mtaa wala sanduku la posta, na lilionya kwa herufi nzito kwamba maombi yatakayowasilishwa kwa njia nyingine yoyote hayatapokelewa. Hata kama angepanda basi saa ileile akafika Dodoma jioni, na hata kama mlinzi angemwonea huruma na kumpitisha getini, ndani ya jengo lile hapakuwa na dirisha la kupokelea, hapakuwa na trei ya barua zinazoingia, wala hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kunyoosha mkono na kusema "lete." Nilimjibu, "Haiwezekani, mwanangu." Jibu hilo limekaa nami tangu siku ile, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwa mtu wa kunyoosha mkono na kusema "lete."

Mchana tulisikia sababu. Jumapili ya tarehe 12 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, yaani nyaya zinazopitisha mtandao chini ya bahari, ilikuwa imekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mtandao haukutoweka kwa maana kamili ya neno. Ulichechemea, kampuni zikahamishia mawasiliano kwenye njia nyingine zilizokuwa nzima, na siku baada ya siku hali ikawa afadhali. Yule kijana nembo yake ilikamilika saa tano kasoro usiku, nikiwa nimemwachia ufunguo wa duka msaidizi wangu, na akapata namba yake ya kumbukumbu. Hakuitwa kwenye usaili, lakini hilo ni jambo jingine.

Watu wakizungumzia mtandao kutoweka, mara nyingi huzungumza kama wanaozungumzia kurudi kijijini: maisha yatakuwa magumu kidogo, tutaandika barua, tutatembeleana, watoto watacheza nje, na kwa ujumla njia tunaijua. Mimi niliyeishi nusu ya umri wangu bila mtandao nadhani njia hiyo imeota majani, na kijiji chenyewe kimehamishwa.

Mwaka 1994 niliajiriwa kuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya umma. Vijana wanaokuja dukani kwangu leo hawalijui neno masijala, kwa hiyo nitaeleza. Barua ilipoingia iligongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ikaandikwa kwenye rejesta, ikapewa namba yake ndani ya jalada, na jalada likapelekwa kwa ofisa anayehusika huku safari yake ikiandikwa katika daftari la mwendo wa majalada. Majibu yalichapwa kwa taipureta na karatasi ya kaboni katikati, nakala moja ikabaki kwetu. Barua ya kwenda ofisi nyingine ya mjini ilibebwa na tarishi juu ya baiskeli, naye hakuondoka mpaka aliyepokea atie saini kwenye kitabu chake. Tarishi wetu alikuwa mzee aliyejua kusoma kidogo sana, lakini alijua kila mlango wa ofisi ya umma katika mji huu, alijua nani amehamishwa na nani yuko likizo, na alijua ni karani gani ukimkuta kabla ya chai atakupokea vizuri.

Sitaki msomaji adhani ninaililia hali ile. Jalada liliweza "kutoonekana" kwa miezi mitatu na kuonekana siku mwenye shida alipokuja na chochote mkononi, na mimi nilikuwa humo ndani nikiona. Simu za mezani zilikuwa chache, na telegramu ililipiwa kwa idadi ya maneno, kwa hiyo watu walijifunza kubana uchungu wao katika maneno manne. Baba yangu alipofariki mwaka 1991 nilikuwa mbali, na telegramu ilinifikia baada ya siku nne. Nilipofika nyumbani nilikuta matanga yanaanuliwa. Wenzangu wengine walipata habari za misiba yao kwa Redio Tanzania, katika matangazo ya vifo, na waliokuwa shambani wakati wa matangazo walipata habari kwa jirani aliyesikia. Mtu yeyote anayesema kwamba hali ile ilikuwa bora hajawahi kuzikiwa baba yake akiwa njiani.

Lakini hali ile ilikuwa na watu ndani yake. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Kulikuwa na karani wa masijala, tarishi, mpiga chapa, mpokeaji wa telegramu, mtu wa nyuma ya dirisha la posta aliyekukatia hawala ya fedha, na mhasibu wa benki aliyekujazia kitabu chako cha akiba kwa kalamu. Kulikuwa na fomu, mihuri, makabati na vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya makabati. Mtandao ulipokuja haukukaa kando ya vitu hivyo kama mgeni. Ulihamia ndani yake, ukawala kidogo kidogo, nasi tukashangilia kwa sababu foleni zilipungua. Chumba kilichokuwa masijala yetu nilikipita mwaka juzi nikakuta kimekuwa chumba cha mikutano. Mtandao ukiondoka kesho hatutarudi mwaka 1994, kwa sababu mwaka 1994 ulikuwa na wafanyakazi wake na wote wamekwisha kustaafu au kufa. Tutafika mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuishi: hapana mtandao, na hapana masijala.

Nami sikuwa mtazamaji tu katika ulaji huo. Nilipopunguzwa kazini nilikusanya mafao yangu, nikashirikiana na shemeji yangu, na mwaka 2001 tukafungua intaneti kafe yenye kompyuta nane na dishi kubwa juu ya paa. Wakati ule pwani yote ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini hata mmoja wa kuiunganisha na dunia, kwa hiyo kila barua pepe iliyotumwa kutoka kwetu ilipanda hadi kwenye setilaiti na kushuka bara jingine. Mvua ya vuli ikinyesha Uluguru, dishi lilikuwa linaona ukungu, nasi tunarudishia wateja hela zao. Tulitoza shilingi 1,000 kwa saa, na wanafunzi wa vyuo vya Sokoine na Mzumbe walipanga foleni mpaka barabarani. Seacom ilizinduliwa Julai 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na mkongo wa taifa ukasambaza mawasiliano hayo mikoani. Ungedhani biashara yetu ilinenepa. Ilikufa, kwa sababu mtandao ulitoka katika kafe ukaingia mifukoni mwa watu, na ndipo mimi nikageuka kuwa mwenye steshenari.

Kwa kuwa nimeupokea mtandao tangu ulipokuwa mgeni, naweza kusema kwa uhakika kiasi ni wapi umejificha leo, na hapo ndipo wengi hukosea. Wanapofikiria kutoweka kwake wanafikiria picha, video, mabishano ya mpira na vikundi vya michango ya harusi. Hayo yote yakiondoka tutayaombolezea kwa wiki moja. Kamati za harusi zitarudi kwenye kadi na daftari la mhazini, na nina hakika wapo watakaoshukuru kwa siri kwamba hawawezi tena kuongezwa kwenye kikundi cha mtu wasiyemfahamu na kuulizwa ahadi yao ni shilingi ngapi.

Mtandao wenye uzito ni ule usioonekana. Chukua kontroli namba. Tangu mwaka 2017, ulipoanza mfumo wa Serikali wa kukusanya malipo kwa njia ya kielektroniki, karibu kila kinacholipwa serikalini kinapitia kwanza katika namba hiyo: ada, leseni, faini, kodi ya pango la ardhi, kibali cha hiki na kile. Mteja wangu hawezi kulipa mpaka kompyuta fulani itoe namba, na ofisa hawezi kumhudumia mpaka kompyuta ileile ikiri kwamba namba imelipwa. Zamani mhasibu alikuwa na kitabu cha stakabadhi chenye karatasi za kaboni, na fedha zikihesabiwa mbele yako unaondoka na karatasi yako. Vitabu hivyo viliondolewa kwa sababu nzuri kabisa, maana wizi uliopita humo ulikuwa mkubwa, nami sitaki virudi. Nasema tu kwamba siku kompyuta ile isipopatikana, mwananchi anaweza kusimama mbele ya ofisa akiwa na fedha taslimu mkononi, ofisa akiwa tayari kumsaidia, na wote wawili wasiwe na la kufanya.

Umeme nao. Wengi hufikiri mita ya kawaida ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, iliyo ukutani imeunganishwa na mtandao, kumbe haijaunganishwa na chochote. Inangoja tarakimu 20 tu, na ukiziingiza sawasawa itakupa uniti hata kama umefungiwa pangoni. Shida ni kwamba tarakimu hizo hutengenezwa kwenye mtambo wa mbali, na kati ya mtambo na kidole chako kuna mnyororo mzima wa kampuni za simu, benki na mawakala. Hospitalini, kadi ya bima inahakikiwa kwa mtandao kabla hujamwona daktari. Benki, matawi yamefungwa pamoja kwa mkongo kiasi kwamba salio lako haliko katika tawi lolote. Miaka ile nilipokuwa karani akaunti yangu ilikaa katika tawi moja kama ng'ombe anavyokaa zizini, na ilibidi niende zizini kumkamua; leo ng'ombe yuko kila mahali, jambo jema sana, isipokuwa siku ambayo hayupo popote.

Kuhusu fedha za kwenye simu nitasema kwa tahadhari, kwa sababu hapa ndipo matumaini yetu mengi yalipo. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuja Tanzania mwaka 2008, wakati ambapo simu nyingi zilikuwa vitochi visivyojua intaneti ni nini. Ilijengwa kwa ajili ya vitochi. Ukibonyeza nyota na tarakimu zako, menyu inakuja kwa njia ya mawimbi ya simu yenyewe, haipiti kwenye bando. Kwa hiyo bibi wa Matombo mwenye kitochi anaweza kupokea fedha siku ambayo mjukuu wake mwenye simu janja anahangaika na duara linalozunguka. Hata hivyo wakala anayempa bibi noti lazima awe na salio la kutosha, na salio hilo likiisha hulipata benki au kwa wakala mkubwa, ambao nao wanategemea ile mifumo niliyoitaja. Kitochi kitadumu siku kadhaa. Baada ya hapo kitakuwa na menyu nzuri isiyo na fedha nyuma yake.

Kuna nchi ndogo iliyowahi kupitia jambo hili karibu kwa ukamilifu. Tarehe 15 Januari 2022 volkano ililipuka chini ya bahari katika visiwa vya Tonga, huko Pasifiki, na kuukata mkongo pekee uliowaunganisha na Fiji na dunia yote. Ni taifa la watu wapatao 100,000, na wengi wana ndugu New Zealand, Australia na Marekani wanaowatumia fedha za matumizi. Ilichukua kama wiki tano kisiwa kikuu kuunganishwa tena, na visiwa vya mbali vilisubiri zaidi ya mwaka. Ninachokikumbuka katika habari za wakati ule ni ndugu waliokuwa ng'ambo, watu wenye fedha na nia ya kutuma, wakingoja siku kadhaa kujua kama mama yao yu hai. Sisi wa bara tuna njia zaidi ya moja, lakini njia zetu zinafuata bahari ileile. Februari 2012 meli iliyotia nanga pasipostahili nje ya bandari ya Mombasa iliukata mkongo wa TEAMS, na Kenya na majirani zake wakaipata habari hiyo kwa kuona kurasa zao zimekwama. Nanga moja tu.

Kinachonishangaza kuliko vyote ni umbali ambao maneno yetu yanasafiri bila sababu. Mwenye duka la dawa na mimi tumetenganishwa na ukuta wa tofali. Nikimwandikia kwenye simu kwamba naomba chenji ya shilingi 10,000, ujumbe huo huvuka bahari, ukafika kwenye kompyuta za kampuni ya kigeni, ukarudi na kumlilia mfukoni umbali wa hatua sita kutoka nilipoketi. Vipo vituo vya kubadilishana mawasiliano hapahapa nchini, na Dar es Salaam tunacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, vilivyowekwa hasa ili mawasiliano ya ndani yasilazimike kwenda nje. Lakini kituo hakiwezi kubadilishana kitu ambacho hakipo kwake. Tumeweka soga zetu, kumbukumbu zetu, hata hesabu za vikoba vyetu katika nyumba za watu wa mbali, kisha mkongo ukikatika tunashangaa kwamba hatuwezi kuongea na jirani.

Kwa wafanyabiashara hali ingekuwa ya aina yake, na sitaki kujifanya ninaijua yote. Wauza mboga wanaoshusha karoti na kabichi kutoka milimani hupigiana simu za kawaida, na nadhani wangeendelea karibu kama walivyo. Mtu wa Kariakoo anayeagiza mzigo China ni mwingine. Yeye huona picha ya kitambaa usiku, akatuma sauti ya nusu dakika kumuuliza wakala wake wa Guangzhou kama rangi ya maziwa ipo, na asubuhi malipo yamekwenda. Bila mtandao atalazimika kupanda ndege au kungoja mwingine apande, kama walivyofanya wachache wenye mitaji mikubwa zamani, na wale vijana wa mtaji mdogo waliojipenyeza katika biashara hiyo kwa sababu ya simu zao ndio watakaotoka kwanza. Mtandao ulipunguza umbali kwa wote, lakini aliyekuwa na nauli aliuhitaji kidogo kuliko asiyekuwa nayo.

Nilikuwa nimekwisha kuyafikiria mengi ya haya kama mchezo wa akili mpaka tarehe 29 Oktoba 2025. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, siku ya uchaguzi mkuu, na mtandao ulizimwa nchi nzima. Majirani zetu walikwisha kuonja: Kongo tangu mwisho wa Desemba 2018 kwa karibu wiki tatu, Uganda kwa siku tano Januari 2021. Sasa ilikuwa zamu yetu. (Kwa bahati tu, ujumbe wa kwanza kabisa wa mtandao uliouzaa huu wa leo ulitumwa California usiku wa Jumatano nyingine, tarehe 29 Oktoba 1969. Walikusudia kutuma neno lenye herufi tano, zikafika mbili, mtambo ukazimika.) Habari za vifo zilitembea kwa minong'ono, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na duka langu likafungwa kama maduka yote.

Simu za kawaida nilizipata, ingawa kwa shida. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaishi Dar es Salaam. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na jambo zito likimpata anayeulizwa ni mjomba. Nilimpigia Alhamisi asubuhi, simu ikaita bila kupokelewa. Nilimpigia mchana, haikuita kabisa. Dada yangu alikuja nyumbani akaketi kwenye kigoda karibu na mlango na hakusema neno, na kutosema kwake ndiko kulikokuwa kunaniuliza. Ninaye rafiki wa siku nyingi anayekaa upande huohuo wa jiji, mtu aliyekuwa tayari kutoka asubuhi amri ikiisha na kwenda kumtazama. Akaniuliza swali rahisi: "Kijana anakaa wapi?"

Sikujua. Nilijua ni Mbezi. Mwaka uliopita nilikwenda kumtembelea, lakini nilikwenda kwa kumfuata yule mshale wa kwenye simu. Alinitumia mahali alipo, nikamkabidhi bodaboda simu yangu, naye akanifikisha mlangoni nikiwa ninatazama mahali pengine. Alama ile bado ilikuwa ndani ya mazungumzo yetu. Niliibonyeza mara nyingi siku zile, na kila mara ilileta ramani nyeupe yenye kitone chekundu katikati, bila barabara, bila jina la mtaa, kama mtu amesimama katika ukungu. Dada yangu naye, mama mzazi, hakujua. Alijua namba yake ya simu kwa moyo. Mama yetu, ambaye hajawahi kumiliki simu janja, alituuliza kwa mshangao wa kweli: "Nyie mnawezaje kuwa na mtoto msiyejua anakolala?"

Jumatatu ya tarehe 3 Novemba mtandao ulianza kurudi, na saa kumi alasiri ujumbe wa sauti ukaingia. Simu yake ilikuwa imeanguka na kupasuka, alikuwa amejifungia ndani na wenzake, alikuwa mzima. Dada yangu aliusikiliza mara tatu, akafunga vizuri kanga yake akaenda kupika. Zipo nyumba ambazo ujumbe wa namna hiyo haukuingia, na sina maneno ya kuziwekea hapa.

Wiki iliyofuata nilichukua daftari kubwa la kaunta kutoka kwenye rafu ya duka, nikarudi nyumbani, nikaketi na mama. Nilikusudia kuandika namba za simu za ndugu wote, kwa kuwa niligundua kwamba mwenyewe nazikumbuka mbili tu. Mama alizipuuza namba. Yeye alikuwa anataja mahali, kwa utaratibu uleule ambao tarishi wetu angeuelewa mara moja: fulani yuko Matombo, ukiteremka kanisani shika njia ya mtoni, nyumba yenye mwembe uliokatwa tawi, fulani yuko Kilosa, uliza kwa katekista, asipokuwapo uliza kwa mke wa marehemu seremala. Kila jina lilikuja na watu wawili au watatu wa kuulizia, na kila mtu wa kuulizia alikuwa na sababu ya kumjua huyo mwingine. Wale wa umri wake niliwajaza karibu wote kwa maelezo yake peke yake. Nilipofika kwa wa umri wangu maelezo yakawa mafupi. Kwa wa umri wa watoto wetu niliandika jina la jiji, nikaacha mistari.

Mistari hiyo ninaijaza mmojammoja, kwa simu. Mpwa wangu alicheka nilipomwambia kwamba sitaki alama ya kwenye ramani, nataka maneno. Akanitajia kituo cha kushuka, upande wa kushoto, barabara ya vumbi, geti la bluu la pili baada ya mama anayeuza mihogo ya kukaanga. Nikamuuliza huyo mama anaitwa nani. Alinyamaza kidogo, akasema amekuwa akinunua mihogo kwake kila jioni kwa miaka miwili, na kwamba kesho akipita atamuuliza jina.